Nje ya Ukingo wa Picha

Jirani yangu huyu tunatenganishwa na ukuta tu, na yaliyompata nimeyasikia kwa kinywa chake mwenyewe, zaidi ya mara moja, bila kubadilisha neno. Kazi yake ni kuchora michoro ya darizi. Unampelekea picha, ya harusi, ya mtoto, ya paka wako ukitaka, naye anaiingiza kwenye kompyuta, inageuka kuwa vichumba vidogo vidogo, kila kichumba msalaba mmoja wa uzi. Mdogo wake, waliyempachika jina la Kidosho, ndiye anayeshona. Chumba cha mbele ndicho karakana yao. Cha nyuma, mwisho wa ujia, analala mama yao, ambaye tangu alipoanguka na kuvunjika nyonga hajasimama kwa miguu yake.

Asubuhi hiyo alikuja mteja, mama wa makamo, mpole, amebana bahasha kwapani. Ndani mlikuwa na picha ya nyumba ya zamani yenye madirisha mapana.

"Nataka niitundike ukutani," alisema. "Ila unisafishie, mwanangu. Kuna madoa."

"Hilo dogo, mama."

Kidosho akachungulia begani kwa dada yake. "Mh! Ukuta wote huo? Nitaanza msichana, nimalize bibi."

Dada mtu akacheka. Mteja hakucheka. Aliisukuma picha mezani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza kitu cha moto.

Baada ya chakula cha mchana, mchoraji akaketi kazini. Programu yake haina makuu. Ukizungusha gurudumu la mausi mbele, picha inakuja karibu. Ukilirudisha, inaenda mbali. Kuna alama ya kiganja, ukiibonyeza unaishika picha na kuiburuta utakako. Na pembeni kuna kidirisha cha picha nzima, chenye kiboksi chekundu cha kukuonyesha uko sehemu gani.

Akalivuta karibu dirisha la kwanza. Kweli, kulikuwa na doa, vichumba vyeusi vimejipanga mfano wa mabega. Akavifuta. Akaburuta hadi dirisha la pili. Doa lilikuwepo. Akafuta. Akaburuta hadi mlangoni.

Doa lilikuwa mlangoni, na sasa lilikuwa na kichwa.

Alijiambia ni macho, siku nzima kwenye kioo cha kompyuta. Akarudisha picha mbali aione nyumba yote. Hakuna kitu. Akaivuta tena karibu. Mtu alikuwa ameshatoka nje, yupo kwenye ngazi.

"Nikamfuata," huwa anasema, na hapo hujipiga paja. "Kilichonituma nimfuate ni nini?"

Aliburuta picha mpaka ilipopaswa kuishia. Haikuishia. Baada ya ukingo kulikuwa na barabara, yote kwa misalaba, na kando ya barabara mtaro, na baada ya mtaro maduka. Kiboksi chekundu kilikuwa kimetoka kwenye kidirisha, hakionekani. Yeye akaendelea kuburuta. Duka la vifaa vya umeme alilijua. Kona ya fundi viatu aliijua. Halafu ukatokea mlango wa bluu wenye rangi iliyobanduka chini, na yeye alikuwa ameketi nyuma ya mlango huohuo.

Yule mtu alikuwa amesimama mbele ya mlango.

Hapo ndipo alipong'amua. Mtu yule hatembei peke yake. Anatembea picha ikiburutwa. Njia yote ile, ni yeye aliyemfungulia.

Akaachia mausi. Akakunja mikono kifuani. Kwenye kioo, mtu akatulia. Nje, barabarani, watu walikuwa wakipita na jua linawaka. Hakuna aliyebisha hodi.

Kutoka chumba cha nyuma, mama yake akaita.

"We mwanangu! Mgeni wako mbona humkaribishi kiti?"

Alikimbia, akamwacha Kidosho karakanani. Ujia ulikuwa mtupu. Chumbani mama alikuwa peke yake, ameegemea mito, anatazama nafasi iliyo kati ya kabati na kitanda.

"Mama, mgeni gani?"

"Usipige kelele," mama akanong'ona. "Ananisemesha."

Kisha sauti ya Kidosho ikaja kutoka mbele, nyepesi, haina habari.

"Dada! Huyu mama uliyemchora anakwenda wapi? Halafu nani kamshika mkono?"

"Usiguse!"

"Nasogeza tu nione..."

"Kidosho, usiguse!"

Alipofika, mdogo wake alikuwa kwenye kiti, mkono juu ya mausi. Kwenye kioo kilikuwepo chumba cha mama, kitanda kitupu. Akampokonya mausi. Akaburuta nyuma, awarudishe. Ujia, mlango wa bluu, barabara. Aliwaona kwa migongo, wawili, mmoja mweusi tii, mwingine na khanga ileile ya mama. Akavuta karibu. Karibu zaidi. Migongo ikapasuka kuwa misalaba, misalaba ikawa rangi tupu, kioo kizima cheusi. Akarudisha mbali. Wakawa nukta. Akasogeza kulia, hawapo. Kushoto, hawapo. Hakujua amewapeleka wapi.

Kidosho akazima kompyuta kwa kuchomoa waya.

Mama yao alikuwa kitandani, macho wazi. Alikuwa anapumua. Walimwita, hakugeuka. Daktari alikuja, akapima kila cha kupimwa, akasema moyo mzuri, presha nzuri. Tangu siku hiyo hajatamka neno. Ukimlisha anameza, basi.

Walipowasha tena, picha ilikuwa na ukingo wake. Ilikuwa nyumba tu, madirisha meupe, safi.

Mteja alirudi kuchukua mchoro. Akaupapasa kwa kiganja, dirisha baada ya dirisha, na machozi yakamtoka.

"Umenisafishia," alisema.

Mchoraji akamshika miguu, pale pale kizingitini, mchana, watu wanaona. "Nirudishie mama yangu, nakuomba."

"Mwanangu," mteja akanong'ona, "hata mimi nilimshika miguu hivyohivyo aliyenipa hiyo picha." Akajinasua taratibu, akaenda zake.

Sasa kila asubuhi Kidosho hubeba beseni hadi chumba cha nyuma. Nyayo za mama huamka na vumbi. Mama asiyeweza hata kugeuka ubavu. Wanaziosha, wanazikausha, wanamfunika shuka, na kesho yake vumbi lipo, na nyufa mpya visiginoni. Walijaribu kulala naye, mmoja kila upande. Vumbi lilikuwepo.

Wiki iliyopita nyayo ziliamka safi. Kidosho alishangilia hadi nikasikia huku kwangu, nikaenda. Tulisimama watatu miguuni pa kitanda.

Nyayo zilikuwa safi kweli. Lakini juu ya vidole na kuzunguka vifundo vya miguu, ngozi ilikuwa imebonyea mistari, mibichi, myekundu kidogo, kama ya mikanda ya viatu vilivyovuliwa sasa hivi.

Mle chumbani hamna viatu.