Mashine Iliyoungua

Eveline alikutana na Faustin katikati ya msukumano wa soko la Mwanjelwa, wote wameshika kibodi moja ya zamani, hakuna anayeiachia.

"Dada, hii haiingii kwenye kompyuta za leo," alisema kijana huyo wa sweta la kijani, kwa lafudhi ya Kihehe.

"Kwani nani kakwambia zangu ni za leo?"

Ndivyo Faustin alivyofika kwenye makumbusho ya chuo kimoja hapo Mbeya, ambako Eveline alitunza kompyuta za miaka ya themanini, zote zikiwaka. Akaajiriwa fundi. Kabla mvua hazijakatika, walikuwa wakiitana "laazizi" kwenye simu.

Siku moja Faustin akiwa katoka, wageni waliingia. Eveline, ndani ya gauni jipya la kitenge, akataka kuwaringishia mashine ya Kimarekani. Kwa haraka aliichomeka ukutani bila transfoma yake ya kupunguza umeme. Ikafuka moshi. Mkuu wa makumbusho alipouliza, ulimi ulimganda. Lawama zikamwangukia fundi. Akafukuzwa, akarudi kwao Iringa.

Kila jioni Eveline alimpigia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ila bado najiuliza nilikosea waya gani."

Eveline mwenyewe chakula kilikuwa hakipiti. Mwezi wa pili yakamshinda. Akamweleza mkuu kila kitu, akasimamishwa kazi, akapanda basi la Iringa. Alimkuta Faustin mtaa wa Kihesa, kwenye kibanda cha kutengeneza redio.

"Ni mimi niliyeiunguza," alisema hata hajakaa.

Faustin aliweka bisibisi chini taratibu. "Kufukuzwa kazi kungeuma, kukapoa. Lakini kila jioni, Eveline? Unaniuliza nimekula, huku unajua?"

Faustin akaokota tena bisibisi yake.

"Nenda. Usinipigie. Nikiweza, nitapiga mimi."

Majuma matano simu ilikaa kimya. La sita, Jumapili baada ya misa, ikaita.

"Mkuu kaniomba radhi, kanirudisha kazini," alisema Faustin. "Hasira bado ninayo. Ila nimechoka kukaa nayo peke yangu. Njoo Iringa Jumamosi, mama anataka kumwona mkwe."

"Umemwambia nilichokufanyia?"

"Chote. Kasema mtu aliyejisema mwenyewe, huyo unaweza kuishi naye."

Eveline aliketi mlangoni kwake, akalia kwa sauti, mpaka Faustin akaanza kumbembeleza kwenye simu.