Makufuli Mawili ya Wodi ya Wazazi

Siku mkewe alipofariki, fundi cherehani alikuwa ameacha gauni la mtoto kwenye mashine, mkono mmoja haujashonwa. Uchungu ulimshika mkewe alfajiri. Walipofika kituo cha afya, mlango wa wodi ya wazazi ulikuwa na makufuli mawili: moja la serikali ya jimbo, jingine la serikali kuu. Kila upande ulidai wodi ni yake. Mama alijifungulia garini, wakielekea hospitali ya mbali. Mtoto alipona. Mama alitokwa na damu nyingi, hakufika.

Msiba ulipokwisha, fundi alichukua nyundo.

"Unakwenda wapi na nyundo, shemeji?" aliuliza dada wa marehemu, mtoto mgongoni.

"Kuvunja makufuli."

"Ukivunja leo, kesho wataweka manne. Na wewe wakikuweka ndani, huyu nimwachie nani? Maziwa yenyewe nakoroga kwa kubahatisha!"

Fundi alitabasamu bila kutaka. Akaweka nyundo chini.

Walikwenda kwa jirani yao, wakili wa msaada wa sheria.

"Nataka aliyefunga mlango afungwe," alisema fundi.

"Pole, mjomba. Hilo ni la mahakama nyingine. Hapa wanagombana wakubwa wawili, kila mmoja anajiita mwenye nyumba. Mwamuzi wao ni mahakama ya katiba."

"Si itapendelea serikali kuu? Ndiyo yenye nguvu."

"Majaji hawapimi nguvu. Wanasoma katiba: kazi hii amepewa nani? Wewe ukikata kitambaa, unafuata nini?"

"Mstari wa chaki."

"Na mteja akija juu?"

"Afoke mpaka achoke. Mkasi hautoki kwenye mstari."

"Basi katiba ndiyo mstari wao. Na mwananchi aliyeumia anaweza kufungua kesi."

Fundi alifungua kesi. Kwanza majaji waliamuru makufuli yatolewe wakati kesi inasikilizwa. Baadaye wakatoa hukumu: kuendesha wodi ni kazi ya jimbo. Serikali kuu itaweka viwango na kukagua. Pande hizo zikigombana tena, ziende mahakamani, zisifungie wagonjwa nje.

"Tumeshinda, shemeji."

"Tumeshinda," alisema fundi. Akavua koti alilovaa mahakamani. "Angekuwepo, angenicheka nilivyovaa koti kwenye joto lile."

Jioni alimalizia mkono wa gauni. Lilikuwa limeshakuwa dogo kwa binti yake. Akalipeleka wodini, akampa mzazi aliyekuja mikono mitupu.

Sasa wodi iko wazi usiku na mchana. Ufunguo anao mkunga.