Maandishi Juu ya Vumbi la Unga

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Hapo ndipo kiwanda cha unga kiliponichukulia mke wangu.

Mimi nilikuwa nje, kwenye mzani wa malori. Yeye alikuwa ndani, chumba cha kufungia mifuko. Mle ndani juu ya kabati la umeme vumbi lilijaa, na kila siku aliandika kwa kidole: KOBE, FANYA HARAKA. Kobe ndiye mimi, kwa mwendo wangu wa pole. Wakubwa walipita, wakasoma, wakacheka.

Siku hiyo msimamizi alisema wageni wanakuja. "Pulizeni mihimili ya paa ing'ae."

Wakachukua mpira wa upepo, wakapuliza. Unga ukatanda kama ukungu. Mlango wa pili fundi alikuwa anachomelea bomba, cheche zinaruka. Nikasikia mlio mdogo. Nikadhani tairi limepasuka. Kisha ukaja mlio mkubwa, paa likaondoka.

Wakubwa wakatuambia ajali haina kinga.

Mwaka jana kiwanda kilifunguliwa tena. Binti yetu akaja na barua ya kazi ya kule kule. Chai ikanipalia.

"Huendi."

"Baba, nitakula hewa?"

"Hewa ya kule ndiyo iliyomla mama yako."

Jirani yetu, fundi umeme, alikuwa anatutengenezea swichi. Nikamwambia, "Jirani, msemeshe huyu. Mimi hata sijui unga ulilipukaje. Jikoni ukimwagika unaungua tu."

Akashuka kwenye stuli. "Binti, gogo na maranda, kipi kinashika moto upesi?"

"Maranda."

"Unga ni maranda madogo kuliko yote. Ukiwa kwenye gunia, hewa haiufikii. Ukirushwa, kila chembe ina hewa yake. Cheche moja, zote zinawaka pamoja. Chumba kimefungwa, moto utatokea wapi? Unabomoa. Na msijaribu nyumbani."

"Mbona milio ilikuwa miwili?" nikauliza.

"Wa kwanza ulitikisa vumbi lote lililokaa juu. Wa pili ndio vumbi hilo."

"Sasa tusafishe vipi?" binti akauliza.

"Msipulize. Itumike mashine ya kufyonza iliyotengenezwa kwa vumbi hilo, kila siku, hadi kule juu kusikoonekana. Bomba linalovuja unga lizibwe. Hakuna kuchomelea mpaka mitambo izimwe na pasafishwe. Na kipimo ni hiki: ukiweza kuandika jina lako kwa kidole, vumbi limezidi. Toeni taarifa."

Nikaweka kikombe chini.

Binti alikwenda. Angenisikiliza lini? Wiki ya tatu wakaambiwa wapulize mihimili. Yeye na wenzake wakatoka, wakakaa uani.

"Binti Kobe, huu ni mgomo?" msimamizi akauliza.

"Hapana, bosi. Tunasubiri mashine. Sisi kwetu tuna mwendo wa pole."

Walikaa siku mbili. Roho yangu ilikuwa mkononi siku zote mbili. Ya tatu mashine ikaja.

Siku hizi akirudi ananionyesha kidole kabla ya salamu. "Nimekipitisha juu ya kabati, baba. Safi." Hapo ndipo ninapoweza kunywa chai.

Lakini lile neno la mke wangu lilisomwa na wasimamizi watatu, meneja na mkaguzi mzima. Wote wamesoma kunishinda. Nimewauliza mmoja mmoja: mlisoma maandishi, mbona hakuna aliyelisoma vumbi?