Dakika Nne kutoka Maskati

Kikunjaanga kilitua Tanga bila kishindo, kama mtu anayeingia msikitini amechelewa. Kusema kweli hakikuruka. Kilizikunja kilomita zinazokaribia elfu nne baina ya Maskati na Tanga, kikapenya kwenye mkunjo huo, na saa ya ukutani ikahesabu dakika nne. Ndege za zamani zilichukua zaidi ya saa tano. Nasra Mbwana, mhandisi wa kituo, alijivunia chombo hiki tangu kilipoanza safari wiki ile.

Abiria walisafiri wamelala, wamechomwa sindano ya kuzuia kichefuchefu. Waliamka dhaifu kidogo, lakini wamenyolewa ndevu na kukatwa kucha na mashine za ndani. Huduma hiyo ilisifiwa sana. Nani atalalamikia kunyolewa bure?

Siku hiyo alilalamika Bi Mwanaheri, kungwi aliyemleta bibi harusi kutoka Maskati kuolewa Tanga.

"Mwanangu, chombo chenu kimeniharibia kazi," alimwambia Nasra, akimwinua bibi harusi mkono. "Nimempaka hina jana. Hina yangu haitoki kwa wiki, itatoka kwa dakika nne?"

"Labda ni dawa ya kusafishia, bibi."

"Dawa gani inayochagua? Tazama kucha."

Nasra akatazama. Viganja havikuwa na hata alama. Kwenye kucha hina ilibaki nusu ya mbele tu. Nusu ya nyuma, kuanzia kwenye nyama, ilikuwa kucha mpya. Hina ya kucha haifutiki. Huondoka kucha ikikua, na kucha haikui kiasi hicho chini ya miezi miwili.

Ndipo akaelewa. Dakika nne zilikuwa za waliobaki ardhini. Ndani ya mkunjo watu hawa walilala miezi miwili, wakinyolewa, wakilishwa kwa sindano ile ile ya kichefuchefu. Wakubwa wa kampuni walijua. Ndiyo maana hakuna fundi aliyeruhusiwa kufungua makabati ya sindano.

Halafu akamkumbuka Salha, binti yake, aliyeolewa Maskati. Salha alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwao. Nasra mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Panda chombo changu, ndege itakuchosha." Alikuwa kwenye safari inayofuata, ya chombo cha pili kilichokuwa bado Maskati.

Akapiga simu Maskati. "Msiondoe chombo. Mteremsheni Salha Abeid."

"Mlango tumeshafunga, bibie," mhudumu alijibu kwa upole. "Kishaingia kwenye mkunjo. Usiwe na wasiwasi, utamwona sasa hivi."

Mimba ingetimia humo humo. Mashine zilijua kunyoa na kukata kucha, kuzalisha hazikufundishwa. Na sindano za chakula zilikuwa moja kwa kila kiti, na mtoto hakuwa na kiti. Nasra akaweka simu chini, akaitazama saa ya ukutani.

"Una nini, mwanangu?" Bi Mwanaheri akauliza.

"Bibi, umewahi kuzalisha?"

"Wengi."

"Basi usiondoke."

Akamweleza yote, maneno yakigongana mdomoni. Kungwi hakubisha. Alimketisha bibi harusi kitini, akakunja mikono ya baibui.

Kikunjaanga cha pili kikatua. Taa ya mlango ikawaka kijani. Nasra akabandika sikio kwenye chuma akitafuta kilio cha mtoto, kilio chochote. Ndani kulikuwa kimya.

"Fungua, mwanangu," alisema Bi Mwanaheri, lakini mkono wa Nasra haukuinuka.