Wageni wa Siku ya Nne

Opia hakuwa na mama. Hakuwa na kaka wala dada. Hakuwa na viatu vya kuvaa wakati wa mvua, wala dirisha la kutazamia barabara, kwa sababu chumba chao kilikuwa ghorofa ya nne, upande wa nyuma, na dirisha lake moja lilitazama ukuta wa ghala la nafaka. Hakuwa na mtu wa kumsimulia ndoto zake asubuhi, maana baba yake, Opio, mpima nafaka bandarini, aliondoka jua likiwa bado halijachomoza. Zaidi ya yote, hakuwa na rafiki hata mmoja katika jengo zima, na jengo hilo lilikuwa na watu zaidi ya mia.

Alichokuwa nacho ni kusoma na kuandika. Baba yake alijifunza herufi akiwa mtu mzima, kwa taabu, baada ya kazi. Kisha jioni baada ya jioni akamfundisha binti yake juu ya ubao wa nta. "Mikono yangu imebeba magunia miaka ishirini," alizoea kusema. "Yako itabeba kalamu."

Kila asubuhi Opia alichukua mtungi, akashuka ngazi hadi kwenye chemchemi ya njia panda. Pale palikuwa na madhabahu ndogo yenye sanamu za mawe za miungu ya mtaa, na watoto wa mtaa walipenda kukusanyika hapo. Opia na baba yake walikuwa wafuasi wa Kristo. Hawakuweka mashada ya maua pale wala kufukiza ubani, na kila mtu mtaani alilijua hilo.

"Mpisheni, mpisheni!" Rutilia, binti wa muuza mvinyo, alipaza sauti. "Anakuja asiye na miungu!"

"Tunaye Mungu," Opia alisema, akiinamia mtungi wake.

"Yuko wapi? Tuonyeshe basi. Hata kasanamu ka udongo hamna! Asubuhi mnamwamkia nani, ukuta?"

Watoto wakacheka. Opia alijaza mtungi, akapanda ngazi zote, akaketi. Mbele yake palikuwa na ukuta wa ghala.

Siku moja, majira ya baridi yakikaribia, aliitwa nyumbani kwa Mama Kaliste, mjane mfuma sufu wa ghorofa ya chini, ambako waumini wa Ostia, mji ule wa bandari, walikuwa wakikutana. Mzee Nikandro, kiongozi wao, alikuwa ameketi akikodoa macho kwenye karatasi ya mafunjo iliyokunjamana.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu siku hizi yanaona wingu tu."

"Imelowa, Mzee. Naona 'ndugu wa Masilia'. Hapa naona 'Zosima na binti yake'. Mengine yamefutika."

"Wimbi liliingia ndani ya merikebu," alisema mwanamke aliyesimama mlangoni. Huyo ndiye Zosima. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba wa umri wa Opia, jina lake Amia. Walitoka mji wa Masilia wakielekea Puteoli, mji wa kusini, ambako mume wa Zosima, Menofilo mchonga mawe, alikuwa amepata kazi. Hawakujua anakaa mtaa gani. Waumini wa Puteoli ndio waliojua, lakini wasingempokea mgeni asiye na barua. Zama zile matapeli walikuwa wengi, na barua ndiyo iliyokuwa uso wa msafiri.

Mzee Nikandro aliwauliza maswali mengi kuhusu ndugu wa Masilia, akaridhika. "Tutawaandikia barua nyingine. Siku ya tatu merikebu ya Fausto inakwenda Puteoli."

"Siku tatu mgeni hula bila kuulizwa," alisema Mama Kaliste, akipakua dengu. "Hiyo ndiyo desturi yetu. Keti, dada. Keti, mwanangu, mbona umekonda hivyo?"

Siku hizo tatu Opia hakuzisahau maisha yake yote. Amia alimfundisha kurusha vifupa vya kondoo na kuvidaka kwa mgongo wa mkono. Walicheza ngazini hadi wapangaji wakawafokea.

"Kwa nini unafunika mdomo ukicheka?" Amia alimuuliza.

Opia alifikiri. "Sijazoea."

Asubuhi ya pili walikwenda pamoja chemchemini. Rutilia alianza wimbo wake wa kila siku, na Amia akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na huyu wenu wa jiwe, jana niliona mbwa anamkojolea mguu. Hakusema kitu. Mpole kweli!" Hata watoto wa upande wa Rutilia walicheka. Kwa mara ya kwanza Opia alirudi na mtungi bila kuhisi uzito wake.

Siku ya tatu, asubuhi, Mzee Nikandro alimtajia maneno na Opia akayaandika. "Nikandro na ndugu wa Ostia, kwa ndugu wa Puteoli, salamu. Dada yetu Zosima na binti yake Amia wamekaa kwetu siku tatu, nasi tumewaona kuwa watu wa kweli. Wapokeeni, mwafikishe kwa Menofilo."

"Vizuri. Kaianike hiyo kwenu juu, mbali na vumbi la sufu, wino ukauke. Uilete kabla ya mchana niipige muhuri."

Opia aliipandisha barua chumbani, akaiweka juu ya kitanda. Akaketi kando yake, na ukuta wa ghala ulikuwa pale pale. Aliwaza: kesho mtungi, kesho Rutilia, kesho ngazi tupu. Siku moja tu zaidi, alijiambia. Siku mbili. Merikebu ziko nyingi. Akainua godoro la majani, akaisukuma barua chini yake.

Aliporudi kwa Mama Kaliste, mikono yake ilikuwa myeusi. Wino alikuwa ameupaka mwenyewe.

"Mzee, wino umemwagika. Barua yote imeharibika."

"Loo! Na karatasi nyingine sina. Leo sikukuu ya miungu yao, maduka yote yamefungwa." Mzee alishika kichwa. Kisha akanyoosha mkono akamgusa Opia bega. "Usilie, mwanangu. Ajali hizi zipo."

Merikebu ya Fausto iliondoka bila wageni.

Jioni, baba yake Opia alisema huku akimenya kitunguu, "Maskini wale. Fausto ndiye alikuwa wa mwisho. Kuanzia leo bahari imefungwa mpaka baridi iishe."

Opia alisita na kijiko mkononi. "Wa mwisho kabisa?"

"Kabisa. Kula, uji unapoa."

Siku ya nne Opia na Amia walicheza vifupa, ingawa Opia alividondosha mara kwa mara. Siku ya tano maneno yakaanza. Aliyeyaanzisha ni Prisko, mwoka mikate, muumini wa siku nyingi na mwenye sauti kubwa.

"Mama Kaliste, hawa wageni wako wameota mizizi?"

"Sauti, Prisko. Wako chumba cha pili."

"Wasikie! Mbona hawakupanda kwa Fausto?"

"Si unajua wino ulimwagika?"

"Barua ya kwanza imelowa, ya pili imemwagikiwa wino. Mikosi gani hiyo? Barua za matapeli hulowa zote. Umemsahau yule wa mwaka juzi? Alisali huku machozi yanamtoka, tukamlisha, akaondoka na joho la Nikandro."

Wengine walimwitikia kwa vichwa. Zosima alikuwa akichambua sufu tangu alfajiri ili asile bure, lakini hilo halikusaidia. Prisko na wenzake walimwendea Mzee Nikandro, wakamwambia barua hutolewa kwa jina la wote, na wao hawataki jina lao liwekwe pale mpaka habari zitoke Masilia. Habari za Masilia zisingefika kabla ya baridi kuisha.

"Tutaamua Siku ya Bwana," Mzee alijibu kwa huzuni. "Asubuhi hiyo ndugu Laberi anaondoka na nyumbu wake wa mizigo kwenda kusini kwa barabara. Ama waende naye na barua, au…" Hakumaliza.

Opia alimkuta Amia ngazini. Vifupa vilikuwa mfukoni, havikutolewa.

"Jana mama hakula," alisema Amia. "Alisema ameshiba. Ameshiba nini? Anadhani sioni. Baba atakuwa anafikiri tumezama. Mama amesema kama hawatupi barua, tutakwenda hivyo hivyo, tumtafute mtaa kwa mtaa."

Opia alitazama wino uliobaki kwenye kucha zake.

"Wote wananiangalia kama mwizi," Amia akaendelea. "Umebaki wewe tu."

Wakaketi bega kwa bega. Opia alikuwa amezoea kukaa peke yake chumbani, na hali ile aliijua vizuri. Hii ilikuwa mbaya kuliko ile. Rafiki yake alikuwa karibu kiasi cha kumgusa, lakini kati yao palikuwa na barua iliyolala chini ya godoro.

Siku ya Bwana, mapambazuko, waumini walijaa kwa Mama Kaliste. Zosima na Amia walikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, mizigo yao ikiwa imefungwa. Mkate ulikuwa mezani. Kwa desturi yao hakuna aliyeugusa kabla watu hawajaungama makosa yao mbele ya wenzao, wala aliyegombana na mwenzake hakuula kabla hawajapatana.

Mtu mmoja alisema alimpiga mkewe kwa hasira. Mwanamke mmoja alisema alimuuzia mteja kitambaa kibovu akakisifu. Hakuna mwingine aliyesimama. Mzee Nikandro alinyoosha mkono kuelekea mkate.

"Mzee," alisema Opia.

Hakujua miguu yake ilisimama lini. Baba yake aligeuka akamtazama.

"Wino haukumwagika."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Barua ninayo. Iko chini ya godoro letu. Niliificha wasiondoke. Nilijipaka wino mikononi ili mniamini. Wageni hawana kosa. Wangekuwa Puteoli sasa hivi, kama si mimi."

Nje, nyumbu wa Laberi walikwaruza kwato. Opio alikuwa ameinamisha kichwa, na hilo lilimuumiza Opia kuliko kofi. Alimtafuta Amia kwa macho. Amia alikuwa akitazama mlango.

"Kwa nini, mwanangu?" Mzee aliuliza.

"Kwa sababu sina mtu."

Mzee Nikandro akamwambia aende kuileta barua. Opia alikimbia, akapanda, akashuka, akamsomea barua yote kwa sauti, kila mtu akisikia.

"Hii haifai tena," Mzee alisema. "Inasema siku tatu. Leo ni ya saba, nasi hatutumi uongo. Opia, njoo karibu. Kuwa peke yako si dhambi. Ungeniambia ningesikia, na kama nisingesikia, kosa lingekuwa langu. Labda ni langu hata sasa, na letu sote, maana umekaa mwisho wa chumba hiki miaka miwili, na hatukukuuliza unarudi kwa nani. Lakini ulichofanya ni kuchukua safari ya watu ukaifanya dawa ya upweke wako. Na ulifanya kwa kalamu. Wengi humu hawajui kusoma. Ukiwaambia kilichoandikwa, wanakuamini, kwa kuwa hawana njia ya kuhakikisha. Mtu aliyesoma akidanganya, huwaibia watu ukweli, kisha huwaibia na imani yao juu ya kusoma kwenyewe. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nanyi wengine," akainua uso kuelekea sauti zilipozoea kutoka, "mlihesabu siku za mgeni zaidi kuliko mlivyomtazama mgeni mwenyewe."

Prisko alikohoa. Alitoka, akarudi na mikate minne katika kitambaa, akaiweka mapajani mwa Zosima. "Ya njiani," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisamehe, dada."

Opia alikwenda mlangoni. Zosima alimshika mkono kabla hajasema neno. "Mimi nimekusamehe. Tutafika tu, ijapokuwa kwa matope."

"Amia?"

"Nimekukasirikia," alisema Amia, bado hajamtazama. "Nitakukasirikia njia nzima."

"Njia nzima ni siku tano."

"Basi siku tano." Mdomo wake ulitetemeka pembeni. "Baada ya hapo nitaona."

Wakala mkate. Kisha Mama Kaliste akatoa karatasi mpya.

"Nani ataandika?" Prisko aliuliza. "Si huyu tena?"

"Ni huyu huyu," alisema Mzee Nikandro.

Opio akasogeza kigoda kwa mguu ili binti yake akae. Kisha alisimama nyuma yake mpaka mwisho. Opia aliandika salamu, akaandika majina. Aliandika kwamba Zosima na Amia walikaa siku saba, walifanya kazi kwa mikono yao, na hawakumdhulumu mtu. Hapo maneno ya Mzee yakaisha.

"Lazima waulize kwa nini siku saba, Mzee," alisema Opia.

"Watauliza."

Akachovya kalamu. Maneno yaliyofuata hakutajiwa na mtu: "Kuchelewa kwao ni kosa la mwandishi wa barua hii, Opia binti Opio, aliyewaficha barua yao kwa kuwa hakutaka kubaki peke yake. Wapokeeni upesi." Akayasoma kwa sauti ili wasiojua kusoma wasikie, akapuliza wino mpaka ukakauka, akaikunja karatasi na kuifunga kwa uzi. Mzee Nikandro alidondosha nta juu ya fundo, akakandamiza pete yake. Laberi akaitia barua katika mfuko wa ngozi kifuani, akawaita nyumbu wake, na Zosima na Amia wakaondoka naye kuelekea kusini.