Uso Kauficha, Sauti Kaiacha

Lisemwalo lipo, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kuishi Walthamstow, London. Kwa Watanzania wa huku, lililopo ndilo lisilosemwa, na Generosa alilijua hilo kuliko wote, maana kwa miaka miwili alikuwa na lake lililopo na halisemwi.

Sasa lilikuwa linasemwa. Tena kwa spika.

"Wapendwa wangu, kaeni mkao wa kula!" Sauti ilivuma katika ukumbi wa tamasha la filamu. Kwenye skrini, mikono ya mwanamke ilikuwa ikimenya ndizi. Uso haukuonekana. "Leo nawahadithia mwanamke niliyempenda, naye akanipenda."

Generosa, safu ya tatu, alikaa wima. Mikono ile ilikuwa yake, hilo alikubaliana na mtengenezaji wa filamu. Lakini sauti?

Sauti ile kila Mtanzania wa London aliyewahi kupewa kadi ya harusi aliijua. Siku za kazi Generosa huhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wikiendi hushika maiki. Send-off ya kumuaga binti anayeolewa, kitchen party, ubarikio, yeye ndiye MC. Bibi harusi hatoki chumbani mpaka Generosa amwite. Na "kaeni mkao wa kula" ndiyo iliyokuwa salamu yake. Hakuna MC mwingine aliyethubutu kuiazima.

Safu ya mbele, Mama Evans, katibu wa kamati zote unazozijua, aligeuza shingo taratibu.

"We! Huyu si MC wetu?"

"Shii, Mama Evans, filamu inaendelea."

"Nishii nini? Harusi ya mwanangu iliendeshwa na koo hilo hilo!"

Skrini haikuwahurumia. "Nilimwambia, nakupenda mpaka naogopa simu ya mama. Nilimwambia, we..."

Ko! Kisu kikagonga ubao.

Hapo palikuwa na jina. Generosa alikumbuka. Siku ile ya kurekodi jikoni kwake alilitaja mara nne, kwa raha zake zote: Seema. Sasa kila jina lilipofika, kisu kiligonga ubao. Ko! Jina likamezwa. Mara nne.

Taa zilipowaka, makofi yalitikisa ukumbi. Wasichana wawili nyuma walikuwa wamekumbatiana wanalia. Seema, mtengenezaji wa filamu, alipokea maua. Msichana wa Kihindi wa Rayners Lane, upande wa pili wa London, mwenye Kiswahili cha Mwanza alichoachiwa na bibi yake aliyeuza vitenge kule. Kiswahili hicho ndicho kilichomwangusha Generosa. Alichekeshwa siku ya kwanza, wiki ya pili akawa anapika kwa ajili ya watu wawili.

Alimvuta mkono mpaka kwenye korido.

"Seema, tulikubaliana nini?"

"Mpenzi, umeona walivyolia?"

"Nimekuuliza swali."

"Uso usionekane. Na haujaonekana."

"Na sauti?"

Seema akachezea mkanda wa kamera.

"Ulikaa kitandani kwangu, chai yangu mkononi, ukasema: maneno yako, yatasomwa na Bridget kwa sauti yake. Bridget yuko wapi?"

"Mitambo, Gene. Toleo la Bridget liliharibika. Dakika za mwisho kabisa, ningefanyaje?"

Mlango ukafunguka. Geofrey, fundi wa sauti, akatoka na nyaya begani na tabasamu hadi masikioni.

"Dada Generosa, hongera! Umenifurahisha kubadili mawazo. Juzi Seema aliponiambia nirudishe sauti yako, nilimwambia, hapo sawa. Ya Bridget ninayo bado, safi kabisa, ila ilikuwa haina roho."

Geofrey akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Nimeharibu kitu?"

"Hapana, mdogo wangu," Generosa alisema. "Umetengeneza. Nenda."

Geofrey akaondoka karibu mbio. Seema akainua mikono.

"Sawa, nilidanganya. Bridget alikuwa anasoma, Gene. Wewe uliyaishi. Wale wasichana leo wamesikia lugha ya mama zao ikisema jambo hili kwa mara ya kwanza. Nani mwingine angewapa?"

"Mimi. Siku yangu, kwa kinywa changu."

"Siku ipi? Miaka miwili unanitambulisha kwa watu kuwa mpangaji mwenzako!"

"Send-off ya Angel ni Jumamosi ijayo. Baba hayupo, mimi ndiye wa kumwita mdogo wangu atoke. Nilikwambia akishatoka tu, nasema. Siku saba, Seema. Zilikushinda siku saba?"

"Tamasha lilikuwa leo."

"Na jina lako je?"

"Jina gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimehesabu visu."

Seema akaachia mkanda wa kamera. "Mama ana presha. Rayners Lane nzima inanunua dukani kwake. Wakijua..."

"Mama yako Kalpana ana presha. Mama yangu kule Bukoba yeye ana nini, chuma?"

"Si hivyo..."

"Ndivyo. Uliikata filamu kwa mikono yako. Ulijua pa kukata. Kwako ulikata."

Akatoka nje. Ilikuwa saa kumi jioni, soko limejaa, wauzaji wanapiga kelele za bei ya mwisho. Simu yake haikutulia tangu kibanda cha kwanza. Grupu la "Kamati Send-off Angel" lilikuwa linawaka.

*Mama Evans: Jamani nimeyaona leo, nimeishiwa nguvu.*

*Irene: Nimetumiwa kipande. Ni yeye. Hata kucheka ni kule kule.*

*Mama Evans: Na mwanangu alishika maiki aliyoishika yeye!*

*Irene: Mama, maiki haiambukizi.*

*Mama Evans: Usinitanie, Irene, nina hasira.*

Simu ikaita. Mzee Ulimboka, mwenyekiti wa kamati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umesikia yanayosemwa?"

"Nimesikia."

"Mimi sikuulizi kweli wala uongo. Nina send-off mkononi, na upande wa bwana harusi wameshanipigia mara mbili. Tuma sauti fupi kwenye grupu. Sema yule siye wewe, au sema ulikuwa unaigiza. Omba radhi kwa usumbufu. Yaishe, Jumamosi ushike maiki kama kawaida."

"Na nisipotuma?"

Mzee alikohoa.

"Usije ukumbini. Hata kukaa tu."

Alikata kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa mgonjwa.

Angel alipiga kabla Generosa hajafika nyumbani. Angel aliletwa London ana miaka minne. Huelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Leo alikitafuta Kiswahili, neno moja moja.

"Dada. Sema siye wewe. Ni maneno machache tu."

"Unaamini siye mimi?"

"Nilijua zamani, dada. Mpangaji gani anajua chumvi unayoweka kwenye mayai? Nilikuwa nasubiri uniambie."

Generosa akaegemea ukuta wa duka la simu. Miaka yote aliyomficha Angel, kumbe alikuwa akijificha mwenyewe.

"Kwa hiyo unataka niseme uongo, na wewe unajua ni uongo?"

"Nataka uwepo. Nitasimama nyuma ya mlango ule, nani ataniita nitoke? Mama Evans?"

"Angel..."

"Please, dada."

Nyumbani, kikombe cha Seema kilikuwa bado juu ya sinki. Ujumbe wake uliingia Generosa akikitazama.

*Geofrey kanieleza kuhusu kamati. Nitawaandikia mwenyewe. Nitasema maneno yote nilitunga mimi na wewe ulikuwa unaigiza tu. Tutakuwa salama wote wawili. Nisamehe. Nakupenda.*

Akausoma pale penye "wote wawili" mara ya pili. Njia ilikuwa nyeupe. Uongo mmoja tu: Jumamosi angekuwa na maiki, Angel angekuwa na dada, Mama Kalpana angekuwa na presha yake ya kawaida. Na yeye angerudi kuwa mikono inayomenya ndizi.

Akajibu: *Funguo zangu mwachie Geofrey.*

Kisha akafungua grupu. Watu themanini na mmoja. Akakohoa mara moja, kama afanyavyo kabla ya bibi harusi kutoka, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Wapendwa wangu, kaeni mkao wa kula. Ni mimi, Generosa. Sauti mliyoisikia leo ni hii, ile ile iliyowatoa binti zenu vyumbani mkapiga vigelegele. Sikuigiza. Nilimpenda mwanamke miaka miwili. Jina lake sitalitaja, na si kwa huruma. Alilikata mwenyewe, abaki nalo.

"Angel, mdogo wangu. Jumamosi wamenifungia mlango, kwa hiyo nakuita leo, hapa, mbele yao wote. Usisubiri sauti ya mtu mwingine. Binti wa Bukoba, mtoto wa baba aliyekuita ua, toka mama. Toka taratibu, tukuone. Umependeza."

Hapo sauti iliyumba. Akaisimamisha.

"Mzee Ulimboka, shikamoo. Umetaka niombe radhi. Siombi."