Pumzi Ndani ya Hedifoni

Kabla wimbo haujaanza, Mayige alisikia mtu akivuta pumzi.

Ilikuwa asubuhi, naye amesimama mbele ya kaunta ya Faki, muuza redio wa mjini Bariadi, akijaribu hedifoni. Zile rahisi alikuwa ameshazikataa: besi yake ilivuma kama pipa tupu, na sikio la kushoto lilisikika kidogo kuliko la kulia. Za Kijapani zilikuwa tamu mno, ila bei yake ilikuwa ya watu wa Mwanza. Zikabaki hizi za kati, zenye sponji nene ya kufunika sikio lote na waya usiokatika upesi. Faki alimshauri asizijaribu kwa wimbo mgeni. Achukue kanda anayoijua vizuri, aifungulie kwa sauti ndogo, asikilize vile vitu vidogo ambavyo redio mbovu huvimeza.

Mayige akasikiliza. Alisikia kidole kikisugua uzi wa zeze. Alisikia kabisa kwamba zeze lipo kushoto na kwamba mpiga manyanga amesimama kulia, hatua chache nyuma. Na alisikia ile pumzi, nzito, ya mtu mzee, ambayo katika miaka yote ya kuimiliki kanda ile hakuwahi kuisikia.

"Hizi hazifichi kitu, bwana Mayige," Faki alisema.

Mayige akafurahi, akazichukua.

Alikuwa na duka la kurekodi kanda pale Somanda, kwenye njia ya kwenda hospitali. Huo ulikuwa mwaka ambao makampuni binafsi yalianza kununua pamba, na wakulima walitoka mnadani na redio kaseti mpya mabegani. Wateja wakawa na masikio. Mtu akipewa kanda inayokoroma, aliirudisha.

Kanda iliyotoka kuliko zote ilikuwa ya Esteria, mke wa Mayige. Humo aliimba wimbo wa ng'ombe aliyepotea wakati wa kiangazi, na wanaume wazima walikuwa wakinyamaza unapopigwa. Lakini wimbo haukuwa wake. Ulikuwa wa Kwandu, mjane wa Lalago, aliyekuja dukani na manyanga yake akauimba mara moja tu mbele ya kinasa sauti. Esteria alikuwa amekaa pembeni. Jioni ile alimwambia mumewe kwamba akiupata wimbo huo, jina lake litafika Shinyanga. Mayige akamfuta bibi kwenye kanda, akamrekodi mkewe.

Kwandu alipousikia wimbo wake kwenye mkahawa wa chai, alikuja Somanda kwa miguu. Hakugombana. Alisema tu kwamba siku ya mkutano wa kata atasimama auimbe mbele ya watu wote, ili wajue ni wa nani. Wiki hiyohiyo Mayige alipanda lori la pamba mpaka Lalago, akaingia kilabuni, akawanunulia watu pombe, na katikati ya mazungumzo mengine akasema maneno machache kuhusu macho ya Kwandu. Bibi yule alikuwa amepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, na moshi ulikuwa umemwekea macho mekundu. Kule macho mekundu ya bibi huhesabiwa uchawi, na Mayige alijua maneno ya namna ile huzaa nini. Kabla msimu haujaisha, Kwandu alikutwa uani kwake amekatwa mapanga. Hakuna aliyeuliza nani alianza kusema.

Siku ya pili ya hedifoni zile, Mayige alikuwa akirekodi kanda ya dansi, muziki wa magitaa usio na zeze wala manyanga. Pumzi ikaja. Safari hii haikuwa ndani ya muziki. Ilikuwa nyuma yake, mbali kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni. Akageuka. Mlango ulikuwa mtupu na jua limejaa barabarani. Akazivua, asisikie kitu. Akazivaa tena, na pumzi ikawa imesogea.

Tangu hapo, kila kanda aliyorekodi ilimleta yule mtu karibu zaidi. Kwanza zilikuja nyayo za miguu mikavu zikikwaruza udongo, kisha manyanga yakitikiswa polepole kama ya mtu anayengoja zamu yake, kisha sponji ikaanza kunuka moshi wa kinyesi cha ng'ombe, harufu iliyomwingia puani, ikamshukia kooni na kumfuata mezani hata ugali ukawa na ladha ya moshi, na adhuhuri moja, watu wakipita nje na baiskeli zao na Esteria akifagia kizingiti, pumzi ile ikafika kwenye sikio lake la kulia, ikawa ya moto, ikanyamaza, na badala ya Kwandu aliyemtarajia akasikia sauti yake mwenyewe, Mayige, ya siku ile kilabuni, ikisema taratibu: *Macho mekundu yale si ya moshi. Waulizeni majirani watoto wao waliondokaje.*

Alimwita mkewe, akamvisha hedifoni bila kumweleza. Esteria alisikiliza kanda yake mwenyewe, na uso ukaanza kumbadilika.

"Mbona sauti yangu imekuwa ndogo?" alinong'ona. "Nasikia zeze. Mimi nasikika kama niko ndani ya chungu."

"Husikii mtu mwingine?"

"Yupo. Ananiitikia."

Wakazifungia kabatini. Haikusaidia, kwa sababu kanda zilikuwa zimeshauzwa. Mteja wa Lagangabilili alirudisha ya kwanza, akisema katikati ya nyimbo kuna mtu anazungumza. Kondakta wa basi la Maswa akarudisha ya pili, akamtazama Mayige kwa muda mrefu, akaondoka bila kudai nyingine. Mwisho akaja Faki. Aliufunga mlango kwanza, ndipo akaiweka kanda juu ya meza.

"Kaka, sauti hii ni yako," alisema. "Nami ninajua bibi yupi unamsema."

Faki ndiye aliyempeleka kwa Nyanjige, mganga wa kike aliyeheshimiwa hata na watu wa msikitini. Mayige alieleza kwamba ameuziwa hedifoni zenye jini. Nyanjige alizishika, akazinusa, akazirudisha.

"Jini ningemfukuza," alisema. "Huyu ni mtu, na anajua anachodai. Uliua kwa mdomo, nenda Lalago ukaseme kwa mdomo. Useme yote. Ukibakiza kitu, atakuja kukichukua mwenyewe."

Mayige alikwenda. Alimkuta Minza, binti wa Kwandu, akipukuchua mahindi uani, palepale alipofia mama yake. Alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akaendelea kupukuchua. Kanda ilikuwa imeshafika Lalago. Akapiga magoti akaeleza: jinsi alivyoifuta sauti ya mama yake, lori, kilabu, maneno. Alilia kwelikweli. Minza alimwacha amalize, kisha akaomba zile hedifoni. Mayige akazichomeka kwenye redio kaseti aliyokuja nayo, akaibonyeza.

Minza alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Mara mbili aliitikia kwa kichwa, kama mtoto anayeagizwa. Mara moja alitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Mayige kuliko panga.

"Mama anauliza," alisema bila kufumbua macho. "Wimbo aliutaka nani?"

Akilini, Mayige alimwona Esteria amesimama kwenye kizingiti na ufagio wake. Aliona wanaume wa Lalago wakipanda lori.

"Mimi," alisema. "Mimi peke yangu."

Minza akazivua taratibu, akamkabidhi.

"Basi. Amesema imetosha. Rudi nyumbani."

Alirudi mwepesi kama aliyetua gunia. Njia nzima alijiambia kwamba ameokoka, na kwamba amemwokoa na mkewe.

Alimkuta Esteria dukani, amezungukwa na majirani wanawake. Mmoja alisema mafua yamemkaba, mwingine akataja mfupa wa samaki. Esteria alimwona mumewe, akafungua kinywa. Midomo ilikwenda, shingo ikakaza, machozi yakamtoka, wala hapakutoka hata mkoromo. Alimshika mkono, akauelekeza kwenye hedifoni alizorudi nazo.

Mayige akazivaa. Ulimi wa waya ulikuwa unaning'inia hewani, haujachomekwa popote.

"Mayige," Esteria aliita humo ndani, mbali sana. "Nitoe. Yuko nyuma yangu, ananifundisha wimbo, na kila nikikosea ananirudisha mwanzo."

Nyanjige aliitwa. Alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akageuka bila kuingia.

Duka halirekodi tena. Anayepita Somanda huwaona wawili hao barazani tangu asubuhi: mume na hedifoni masikioni, mke ameketi mbele yake kwenye kigoda, akimkazia macho usoni, ili ajue leo sauti yake imefikwa na nini.